Uboho

Michubuko ndiyo iliyotangulia,
mabaka ya zambarau mapajani mwa Raya,
na mama akaniuliza mimi: umempiga?
Kisha fizi zikavuja damu,
akashindwa na ngazi za skuli, Konde.

Wete walimtia chupa mbili.
Unguja wakamtoboa nyonga, wakavuta uboho:
"Kinu cha damu kimesimama. Mmejaa mafuta matupu."

Daktari akauliza dawa, akauliza ini.
Baba akakumbuka bomba la kupulizia nyanya;
Raya ndiye aliyekuwa akilijaza.
"Huenda. Huenda sivyo. Wengi wao hatujui."

Neno hilo halikutosha kijijini.
Likazaa hasidi, likazaa jini,
kombe likanywewa hadi sahani ikang'ara.

Vikaja vidonge vya kuwatuliza askari wa mwili
waliogeuka kuivamia nyumba yao wenyewe.
Mikono ikatetemeka,
ndevu zikamwota, msichana wa miaka kumi na minne,
na damu isipande.

Ndipo nikapimwa mimi,
niliyegombana naye kila siku kwa ukoko wa wali.
Tumelingana alama zote.
Watu wakachanga karafuu, pishi kwa pishi,
zikawa tiketi tatu.

Nyonga iliniuma siku nne.
Yeye alikaa siku thelathini nyuma ya kioo, bila nywele.
Baba hadi leo hapiti penye nyanya.

Raya alikuwa kundi B.
Sasa kadi yake inasema O, kama yangu.
Nikimchokoza, hunyoosha mkono:
"Njoo uchukue chako."