Sentimita Tano

Dirisha namba nne, ghorofa ya chini, jengo la manispaa.
Hapa Thunder Bay lori kubwa haliingii mjini kwa honi,
huingia kwa karatasi:
urefu, kimo, upana, tani kwa kila ekseli,
namba ya bima, saa ya kuingia, saa ya kutoka,
kisha muhuri wangu, pu!

Miaka kumi na tisa nimelijua jiji hili kwa vipimo.
Mtaa wa Ogilvie kwangu si maua wala majirani,
ni tani kumi, na nusu yake ifikapo Machi,
barafu itokapo ardhini na udongo ukawa uji.
Shule ya Mtakatifu Bruno ni mstari mwekundu,
saa mbili hadi saa kumi.
Kilima cha hospitali: marufuku breki ya injini usiku.
Husemwa penye nia pana njia.
Aliyesema hakuulizwa njia hiyo ina upana gani.

Veikko Ranta alinipigia saa nane na robo usiku.
Namba yangu aliipata wapi, sijui mpaka leo.
Alibeba boila la kiwanda cha karatasi,
tela la ekseli tisa, kimo mita nne na sentimita sabini.
"Mama," akasema, sauti kavu kama kuni,
"karatasi yako yasema napita.
Daraja lasema sipiti."

Nikavaa koti juu ya nguo za kulalia.
Baridi ilikuwa ile inayogeuza nywele za puani sindano.
Nikamkuta chini ya daraja la reli na utepe wa kupimia,
kimulimuli cha gari la kutangulia
kikiipaka theluji rangi ya chungwa, kikiipangusa, kikiipaka.
Na boila! Lilizidi sebule yangu,
nami nilikuwa nimelipa
kisanduku kimoja kwenye fomu.

Tukapima mara tatu.
Mita nne, sentimita sitini na saba.
Kitabuni mwangu: sabini na mbili.
Nani kala sentimita tano?

Hakuna aliyekula. Agosti walimwaga lami mpya,
na mimi mwenyewe, nikienda kununua samaki,
niliisifu ulaini wake.
Daraja halikushuka.
Barabara ndiyo iliyopanda, kimya kimya,
bila kuomba kibali.

Veikko hakunitukana. Afadhali angenitukana.
Alinimiminia kahawa kwenye kifuniko cha chupa,
akauliza, "Kibali kinakwisha saa ngapi?"
Saa kumi na moja. Mwandiko ni wangu.

Njia nyingine ilikuwa moja: Ogilvie.
Januari ardhi ni jiwe, haitazama, nikajiambia,
nikaandika juu ya boneti, kalamu ikaganda,
nikaipumulia kama mtoto aliyezimia,
nikaandika tena.
Muhuri nilikuwa nimeuacha ofisini.
Nikatia sahihi mara mbili, kana kwamba mbili ni muhuri.

Akarudi kinyumenyume mita mia nane.
Mimi nikatangulia kwa miguu, tochi mkononi,
na nyuma yangu mtaa ukaanza kutetemeka:
kwanza madirisha, kisha vikombe kabatini,
kisha taa, moja, tatu, nyumba nzima.
Namba ishirini na sita akasimama mzee, fulana tupu,
kiganja kimebandikwa ukutani
kama anayemtuliza farasi.
Nilimjua. Hatujawahi kuonana.
Bwana Halvorsen, barua kumi na moja,
zote kuhusu nyufa, zote nimezijibu
kwa sentensi ileile.

Nilimpungia tochi. Hakupunga.
Boila likapita, refu, refu, refu,
na kiganja chake hakikuondoka.

Jumatatu nilifuta sabini na mbili, nikaandika sitini na saba.
Kifutio kilitoboa karatasi kidogo.
Barua ya kumi na mbili ilifika Jumatano.
Niliisoma yote,
hata ukurasa wa nyuma, alipochora ufa.