Sahihi ya Soda

Tulitia sahihi kwa ajili ya soda.
Nianze hapo, maana wao wataanzia kwingine.
Karatasi ilipita safu kwa safu chini ya hema,
jina, kitambulisho, sahihi,
na asiyejua kuandika akachovya dole gumba
kisha akalifuta kwenye leso.
Soda ya chungwa, na shilingi mia mbili za nauli,
ilhali sote tulikuja kwa miguu.

Kalamu niliishika mimi,
Mbeyu Ndurya, karani wa kamati ya maji, Mwakirunge,
kamati yenye bomba moja na funguo mbili.
Bomba lenyewe hukohoa Jumanne na Ijumaa:
kwanza hutema upepo, kisha kutu, kisha ndoo thelathini.

Kijana wa kampuni alikuwa na adabu, sikatai.
Viatu vyake vilishika vumbi letu na hakulipangusa.
Akasema, tutajenga hapa nyumba ya wingu.
Bi Nyanje akatazama juu.
Tangu vuli igome, huu mwaka wa pili,
hakuna aliyetajiwa wingu asitazame juu.

Si wingu la mvua, mama, akaeleza.
Ni mashine, maelfu, zimepangwa kwenye rafu,
zinatunza kumbukumbu za watu, hazilali,
na kwa kuwa hazilali zinapata joto,
na joto lenyewe hupozwa kwa maji.
Kiasi gani? akauliza Tsuma wa mbuzi.
Kijana akataja lita, namba ndefu.
Nikaomba airudie,
nikaigawanya kwa ndoo pembezoni mwa daftari.
Zikatoka ndoo zetu zote,
za Jumanne na za Ijumaa, miaka minne,
na hiyo ilikuwa kiu ya siku moja.

Wingu la kunywa, si la kunyesha.
Niliyaandika hayo, nikayakata.
Karani haandiki maneno yake.

Ajira: walinzi kumi na wawili. Wafagizi, wanne.

Wiki tatu baadaye tukauona waraka wao,
kurasa mia na arobaini, umejalidiwa,
na huko mwisho, kiambatisho cha saba,
karatasi yangu ya soda.
Kichwa tu ndicho kilichobadilishwa:
ORODHA YA WAKAZI WALIORIDHIA.
Dole gumba la Bi Nyanje limetulia hapo, jeusi,
kama jicho lililofumbwa na mtu mwingine.

Usiku ule sikulala. Nikashika simu.
Mna picha ya marehemu mamangu,
kajitwika beseni, anacheka, pengo nje.
Simu ya kwanza iliibwa Kongowea;
nilipofungua ya pili, picha ikarudi yenyewe.
Nililia. Nikasema, kumbe Mungu ana sanduku.
Sasa najua sanduku ni nyumba,
na nyumba iko uwanjani kwa watu,
na huko nako pana bomba linalokohoa.
Sikujua, mama. Nani angenambia
kwamba hata cheko lako linatiliwa maji?
Sikuifuta.
Niseme kweli, hilo sikuliweza.

Kulipokucha tulichanga.
Mia mbili, watu sitini na mmoja.
Wengi walikuwa wameshazila; Tsuma aliuza jogoo.
Tukazifunga kwenye leso ya Bi Nyanje,
ile ile yenye doa la wino,
tukaenda hadi ofisini kwao Nyali, ghorofa ya tatu,
kwenye baridi inayotengenezwa,
tukaziweka mezani.

Hizi ni za nini? akauliza binti wa mapokezi.
Nauli, nikasema. Tumezirudisha.
Nanyi turudishieni majina.
Akatafuta, akasema hana fomu ya hilo.

Basi tukaketi, tuliopata viti na tuliopata sakafu.
Saa sita ikapita. Soda, kwa kweli,
hatukuwa na njia ya kuirudisha.
Binti, si mbaya, akatuletea maji kwa gilasi.
Bi Nyanje akaiinua yake, akaielekeza dirishani,
akaitazama kwa muda mrefu,
akauliza yametoka bomba gani.