Mtama Uliomwagika Juu

Kwenye kalenda ya jikoni niliandika kwa penseli:
mzinga wa bluu, siku ya tisa,
kagua, vunja vyumba vya malkia, usiache hata kimoja.
Siku ya tisa ikanyesha.
Ya kumi tukamzika Gašper fundi viatu.
Ya kumi na moja jua likaiwakia Kropa,
nami, kijiko cha supu mkononi,
nikasikia.

Si ule mnong'ono wa nyuki walio kazini.
Changarawe ikimwagwa juu ya bati.
Wakabubujika mlangoni
kama mtama kwenye gunia lililotoboka,
ila mtama huu ulimwagika kwenda juu.
Wakazunguka kamba ya nguo na soksi za mkwe wangu,
wakauvuka ukuta.

Wangevuka upi mwingine?
Ng'ambo kuna mtofaa wa Ciril,
na Ciril hajanisalimu tangu kesi ya mfereji:
maji ya paa lake, ukuta wangu,
na wakili wa Kranj aliyetula sote wawili.

Baba alinifunza: bumba ni lako maadamu unalifuata.
Nikalifuata, na shuka, na kikapu, na chupa ya kunyunyizia.
Fuata nyuki ule asali, sawa,
ila hakuna aliyesema ukuta upandwe vipi
kwa magoti ya miaka sitini na minane.

Ciril alikwisha kuleta ngazi.
Akaiegemeza shinani, akakanyaga kipandio cha chini isiteleze,
akageuza uso kutazama mlima,
kama mtu anayemshikia ngazi mtu mwingine.

Walining'inia kule, ndevu za kahawia zinazopumua,
wapole, matumbo yamejaa masurufu ya safari,
hawana nyumba ya kulinda, wamuume nani?
Nikawalowesha. Nikalitikisa tawi mara moja, kwa nguvu;
ukitikisa kwa huruma huanguka nusu.
Kikapu kikawa kizito ghafla, na joto lake kama la mkate.

Nikamwona akipita, mrefu, hana pupa,
mgongoni nukta ya rangi niliyomtia mwaka juzi.
Watu hudhani anayehama ni binti.
Binti yumo chumbani, amezibwa kwa nta, hajaona jua.
Mama ndiye anayetoka,
anaacha masega, chavua, akiba, mlango unaotazama kusini,
na mabawa yake yamechanika pembeni.

Jerca na mumewe walihamia kwangu Februari.
Chumba kikubwa ni chao. Mimi nalala juu ya karakana.
Basi.

Kikapu hakiondolewi kabla ya giza:
wapo walio mbali bado, wanatafuta makao,
wakirudi watakuta tawi tupu.
Kwa hiyo niliketi uani kwa Ciril,
kwenye kiti alichokileta bila kuombwa,
tukiwatazama walinzi wameinua mikia, wanapepea,
wanaita wenzao kwa harufu.

"Ule mfereji," akasema, kengele ya saa mbili ikilia,
"hata leo unavuja."
"Najua. Nausikia usiku."

Nikarudi kwa mlango wake wa mbele, kikapu kimefungwa kwa shuka.
Kabla ya kulala nikafuta kalenda kwa kidole, nikaandika upya:
mzinga wa bluu, kesho.
Vunja vyumba. Acha kimoja.