Nusu Sekunde

Kichupa kilikaa siku nne forodhani Entebbe,
barafu kavu ikiisha kwa moshi,
karani akiuliza hii ni dawa au ni sumu,
na mimi kwenye simu, Mbarara: ni rangi, mzee,
rangi tu,
kama mtu aliyeagiza kopo la kupaka mlango.

Leo kimefika. Unga mwekundu,
haba kuliko chumvi ya yai moja.
Nimekifunga kwa karatasi ya fedha
niliyomwomba mchoma kuku wa Ruti.
Mwanga wa kawaida ukiigusa rangi hii
itachoka kabla sijaanza.

Kwenye kisahani kuna ngozi ya Masereka,
kipande cha mkono, kikapewa sukari na joto
hadi seli zikazaana. Ana miaka sita.
Hupumzika mara tatu kati ya kitanda na dirisha.
Mama yake, Kabugho, ametoka Bwera.
Mimi ni wa Arua. Sijui Kikonzo, hajui Kilugbara;
kati yetu kuna Kiswahili cha soko la Mpondwe,
kilichozoea kupatana bei ya vitenge,
leo kimebebeshwa mitokondria.

Nilimwambia: ndani ya kila seli mna majiko.
Akauliza, ya mkaa?
Ya chakula na pumzi, nikasema.
Basi hayo ndiyo yamezimika, akasema.
Sikumjibu. Sina haki ya kujibu kabla ya rangi.

Maana rangi hii haimfuati mfu.
Jiko lililo hai lina umeme wake, hasi kwa ndani,
na rangi yangu ni chanya: huvutwa,
hupenya utando wa kwanza, wa pili,
hulala humo ikiwaka.
Pasipo na umeme hubaki nje,
mgeni aliyepiga hodi mara tatu.

Saa moja jioni umeme wa mji ukakatika.
Jenereta ikakohoa, ikashika.
Seli hazikujua lolote.

Jicho halina pazia, wanasema.
La hadubini linalo, nami nimelifunga,
kwa sababu hapa kuona kunaunguza:
kila mwanga ninaoumwaga
hufifisha rangi, huchoma na jiko lenyewe.
Nikitazama kwa pupa nitaua nilichokuja kuhesabu,
kisha niandike daftarini kwamba nilikikuta kimekufa.

Nafungua nusu sekunde.
Nafunga.

Hapa nyuzi ndefu, zimejisokota kama mizizi ya sangari.
Pale vidoa, vimekatikakatika.
Na pale, seli ya tatu kutoka ukingoni, giza,
ila si giza lote.
Kidole kimebaki juu ya kitufe.
Kinataka tena. Nakiondoa kwa mkono wa pili.

Kabugho yuko kwenye benchi la ukumbini, chupa ya uji mapajani.
"Umeona?"
"Nimeona."
"Yanawaka?"
Natafuta neno. Arua tulikuwa nalo neno moja
la mihogo iliyoguswa na mvua lakini haijaoza,
unaishusha bei, huitupi.
Kwa Kiswahili silipati.
"Mengine," nasema.

Anafungua chupa, anamimina, anaifunga taratibu.
"Mengine mangapi?" anauliza,
akinitazama mikono,
kama mtu anayeijua mizani ya wauzaji.