Pai ya Jumanne

Burnley, mvua ya rasharasha.
Bi Winifred Entwistle anaoka pai ya nyama.
Kwa Kiingereza chake, oka ni oka tu:
haliongezwi hata herufi.
Huweka Clifford, kisha pai,
bega kwa bega, bila "kwa" katikati,
kama sahani mbili mezani.

Clifford alizikwa Februari.
Sentensi imebaki na pai peke yake
na haina kosa;
mwalimu yeyote angeitia vema.

Mimi, mpangaji wa juu,
nalitafuta neno lake kwa lugha yangu:
anamwokea.
Ng'oa jina. Yule *mw*
bado yumo tumboni mwa kitenzi,
hatoki.

Anagonga dari kwa mpini wa ufagio.
Niteremke, inapoa.