Namba ya Ala

Upanga niliununua Nguba, kwa mjane wa mwalimu,
uchi, umepakwa mawese, umeviringwa gazeti.
Kutu ya shinani sikuisugua:
aisuguaye anafuta cheti cha kuzaliwa.
Karibu na mpini, tarakimu tano:
nne, saba, moja, sita, mbili.
Ala yake, yenye namba hiyohiyo,
nimeitafuta miaka kumi na mmoja.

Jumanne, mvua ikiteremsha udongo wa Kadutu,
nikaikuta kwa M'Cirhuza, dirishani, imebeba pazia:
bati la rangi ya jani kavu.
"Ya baba," akasema. "Alikuwa muuguzi, vita vya Burma.
Alibeba machela. Risasi hakupiga hata moja.
Mjapani mmoja alimfia mikononi, akamwachia."
Na upanga?
"Kaka aliuuza mwaka wa njaa. Kwa mwalimu fulani, Nguba."

Nikalipa bila kupatana.
Nikamnunulia na fimbo mpya ya pazia.

Nyumbani umeme ulikuwa umekatika.
Kwa tochi ya simu nikafuta masizi mdomoni mwa ala.
Nne. Saba. Moja. Sita.
Tisa.

Nikafuta tena, kwa mate.
Tisa.

Upanga uliingia, sisemi haukuingia,
ila ulikwaruza kidogo mwishoni,
kama mgeni anayetafuta swichi ukutani.

Basi walikuwa wawili.
Mmoja muuguzi alimsimulia binti yake.

Kadutu sijarudi.
Lori likipita, kabati hutikisika,
na chuma cha huyu
hugonga ndani ya nyumba ya yule.