Fundo

Kila Jumatano saa tisa na nusu,
kabla kamba hazijafunguliwa gatini Kigoma,
napanda juu ya kreti la soda
nikivaa jaketi la chungwa lililopauka kama kanga ya kufulia,
nawafundisha watu mia nne namna ya kutokufa.

Hawanisikii.
Mwenye dagaa wa Kibirizi anagombea kivuli.
Mwalimu wa Karema anahesabu katoni zake za madaftari,
anafika ishirini na tatu, anapotea, anaanza upya.
"Mama, jaketi si la kukalia."
"Nimelilipia kwenye tiketi, mwanangu."
Kuku anatoa kichwa kwenye tenga, ananitazama,
walau yeye.

Nasema: kichwa kipite hapa.
Nasema: mkanda uzunguke kiuno, urudi mbele, kaza.
Nasema: honi ikilia fupi saba na ndefu moja
acheni mizigo, pandeni sitaha ya juu, msikimbie.
"Acheni mizigo!" wanarudia, wanakufa kwa kicheko.
Kijana wa Mwanga anapaza sauti:
"Baharia Songoro, wewe mwenyewe kuogelea unajua?"
Nacheka nao.
Sijui.
Hilo halimo kwenye karatasi ya nahodha.

Ila mmoja, penye winchi,
ameketi katikati ya madumu kumi na moja ya mawese:
Bi Sikujua wa Gungu,
kiziwi tangu surua ya utotoni.
Hajanikodolea mdomo. Ananitazama mikono.
Nikipitisha mkanda, naye anapitisha,
hewani, bila jaketi,
vidole vyake vyekundu kwa mafuta
vikifunga kitu kisichoonekana.

Usiku ule tulipita Lagosa.
Mitumbwi ilishakuja na taa zake, ikachukua watu, ikarudi gizani.
Ziwa lilikuwa limelala, zito, jeusi,
nahodha akaona ndiyo saa yenyewe:
"Tuwajaribu."

Fupi saba.
Ndefu moja.

Ee Mola, nilichokiona!
Mwalimu alizikumbatia katoni.
Mwenye dagaa alishuka chini badala ya kupanda,
ndoo yake, ndoo yake.
Kijana wa Mwanga alivaa jaketi miguuni kama suruali
akaanguka nalo ngazini, akimwita mama yake kwa Kiha.
Mtoto mmoja alilia, kisha wote.
Mimi nilipuliza filimbi mpaka shavu likauma
nikisahau nilichotakiwa kusema.

Nilipofika sitaha ya juu, chini ya mashua namba mbili,
palikuwa na mtu tayari.
Peku.
Jaketi kifuani, mkanda umekaza, mikono imetulia.
Madumu kumi na moja aliyaacha chini kama aliyoazimwa.

Nilimwuliza kwa ishara: umesikiaje?
Akainama, akaweka kiganja kwenye chuma cha sitaha.
Akaonyesha nyayo zake.
Kisha akahesabu kwa vidole:
saba,
akanyoosha mkono mzima: moja.

Halafu alinisogelea, akanishika tumboni
penye fundo langu, fundo la miaka sita ya Jumatano,
akalivuta kidogo kwa ncha ya kidole.
Likafunguka lote.
Akatikisa kichwa kama anayemkuta mtoto
amefunga viatu ovyo siku ya shule,
akanifunga upya, mara mbili, polepole, nione.
Likanukia mawese safari nzima.

Jumatano iliyofuata nilipanda kreti.
Makelele yaleyale, tenga lilelile.
Nikafungua kinywa,
nikakifunga.
Nikafanya kwa mikono tu:
kichwa, kiuno, mbele, kaza, na tena kaza.
Kimya changu kikawafikia mmoja mmoja.
"Baharia anaumwa?" akauliza mwenye dagaa,
akashusha ndoo yake
apate kuona vizuri.